Namna ya Kuunganisha Antena ya Nje na Runinga

Tangu mitambo ya analojia ilipoanza kuzimwa nchini Tanzania, tarehe 31 Desemba 2012 jijini Dar es Salaam, kuchomeka waya wa antena kwenye runinga ya zamani pekee hakutoshi. Waya huo sasa huingia kwenye king'amuzi, nacho huunganishwa na runinga kwa kebo ya HDMI au kwa nyaya tatu za rangi nyekundu, nyeupe na njano. Runinga yenye kipokezi cha DVB-T2 ndani yake haihitaji king'amuzi kupokea chaneli za bure.

Kabla ya kupanda juu ya paa, mwananchi atazame nyaya za umeme. Mlingoti wa chuma ukizigusa huweza kumuua aliyeushika. Hivyo usimikwe kwa umbali unaozidi urefu wake, ili hata ukianguka usizifikie. Kazi hiyo isifanywe wakati wa mvua au radi.

Kebo inayofaa ni ya koaksia ya omu 75. Nyuzi zake za nje zisiguse waya wa kati. Uzi mmoja tu huweza kupoteza mawimbi yote. Antena ielekezwe kwenye mnara wa kurushia matangazo.

Wengi bado husubiri kuona chenga ndipo waigeuze antena. Katika dijitali chenga hazipo: picha huganda, hukatika vipande au hutoweka kabisa. Kipimo cha kuaminika kimo katika menyu ya king'amuzi, panapoonyeshwa nguvu na ubora wa mawimbi. Antena igeuzwe polepole hadi ubora upande, ikazwe, kisha chaneli zitafutwe upya.