Paa la Bati: Kutoka London Hadi Nyalikungu

Nyalikungu, yaliko makao ya wilaya ya Maswa katika mkoa wa Simiyu, ni mji wa mapaa ya bati. Jua la mchana liwakapo, mapaa hayo humetameta hata msafiri aliye mbali akayaona kabla hajaziona nyumba zenyewe. Mtoto azaliwaye chini yake aghalabu hudhani kuwa bati ni la asili ya nchi, kama mnyaa na mbuyu. Kumbe paa hilo ni mgeni, na nasaba yake yajulikana vema. Lilizaliwa katika mji mkuu wa Uingereza, likapata ngozi yake katika mji mkuu wa Ufaransa, kisha likasafiri baharini na nchi kavu hadi likafika Usukuma. Safari yake yastahili kusimuliwa, kwani ndani yake limo swali ambalo kila ajengaye hana budi kulijibu: ni nani aliyemfikiria mtu atakayelala ndani ya nyumba?

Mwaka 1829 Henry Robinson Palmer, mhandisi wa kampuni ya gati za London, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Aliona kuwa bamba jembamba la chuma, ambalo likiwa bapa hupindika kwa uzito wake lenyewe, hupata nguvu kubwa likikunjwa mikunjo kama mawimbi. Haja yake ilikuwa haja ya gati: kufunika mahali papana pa kuwekea shehena bila ya msitu wa nguzo katikati, na bila ya gharama ya paa zito. Dosari moja ilibaki, nayo ni kutu. Mwaka 1837 Stanislas Sorel, mhandisi wa Paris, alipata hati ya njia ya kuchovya chuma katika zinki iliyoyeyushwa. Bati la leo ni mtoto wa fikira hizo mbili. Zilikuwa fikira za watu wa nchi za baridi, waliohangaishwa na mvua, uzito na gharama. Jua la Usukuma halikuwamo katika hesabu yao, wala hawastahili lawama kwa hilo, maana fundi hujibu swali aliloulizwa.

Wepesi wa bati ndio uliolipa miguu. Mabamba mengi yaliweza kupangwa pamoja, yakapakiwa merikebuni, na yakawa nyumba kwa siku chache popote yaliposhushwa. Wachimba dhahabu wa California na Australia waliishi chini yake katikati ya karne ya 19, na dola za Ulaya zilipojigawia Afrika, bati lilifuata nyuma ya bendera.

Nyumba iliyokuwako Maswa kabla ya hapo ilikuwa msonge: duara ya miti iliyokandikwa udongo, na juu yake paa la nyasi lenye ncha, ambalo kingo zake zilishuka chini na kutia ukuta kivuli. Kila mji wa Msukuma ulisimama peke yake kati ya mashamba yake, umezungukwa na ua wa minyaa, na mbele yake palikuwa na shikome, mahali pa moto ambapo wazee na vijana waliketi jioni. Nyasi zilipatikana katika malisho yaliyotunzwa, yaitwayo ngitili. Kazi ya kujenga ilikuwa ya wengi, na basumba, yaani vijana wa kijiji chini ya kiongozi wao, waliitwa kusaidia. Nyumba hiyo ilikuwa na maadui: mchwa aliila miti yake, moto uliweza kuimaliza kwa dakika chache, na nyasi zilitaka kubadilishwa mara kwa mara. Lakini paa lake lilikuwa nene, na joto la mchana lilichoka kabla ya kufika ndani.

Mambo mawili yalilifungulia bati njia. La kwanza ni reli ya Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928 na kupita Malampaka, katika nchi ya Maswa. Mzigo uliokuwa mzito kwa kichwa cha mpagazi ukawa mwepesi kwa behewa. La pili ni pamba. Wakulima walianzisha vyama vyao vya ushirika, navyo mwaka 1955 viliunganishwa katika Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Fedha za pamba zilipoingia mikononi mwa mkulima, alitaka kuziona zikiwa na umbo. Hapo kale umbo hilo lilikuwa ng'ombe. Sasa lilikuwa ng'ombe na bati. Na kwa kuwa bamba ni la pembe nne, halikubali duara. Hivyo ukuta nao ulibadilika kulifuata paa, na msonge ukawapisha wenyeji wa nyumba ya pembe nne.

Kati ya mwaka 1973 na 1976 serikali ilihamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na miji iliyotawanyika ikapangwa kwa mistari. Ngitili nyingi ziliachwa au zikaisha kwa malisho, na nyasi za kuezekea zikawa adimu. Ni mwaka 1986 ndipo mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, mkoa ambao Maswa ilikuwa sehemu yake hadi Simiyu ilipoundwa mwaka 2012, ulipoanza kuzifufua. Basi haitoshi kusema kwamba watu walipenda bati kwa fahari tu. Wengine hawakuwa na nyasi za kurudia.

Hata hivyo fahari ilikuwako. Mwaka 1977, akipima miaka kumi ya Azimio la Arusha, Mwalimu Julius Nyerere aliwalaumu wananchi waliokuwa wakingoja bati na saruji, ambayo yeye aliiita udongo wa Ulaya, hali matofali ya kuchoma na vigae vingeweza kufanywa kwa udongo wa kwao. Lawama hiyo ilikuwa na haki, lakini nusu yake tu. Bati halishiki moto, na huteka maji. Mama mwenye mfereji wa bati na pipa chini yake, katika nchi ya mvua chache, ameokoa mwendo mrefu wa kisimani. Faida hiyo si ndogo. Lakini wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Na aingiaye saa nane mchana katika chumba cha bati kisicho na dari huona kuwa mwenye nyumba amekaa nje, chini ya mti. Tena mvua ya kishindo ikinyesha, mwalimu darasani hunyamaza mpaka ipite, kwa kuwa sauti yake haisikiki.

Jibu la taabu hiyo limetoka Afrika yenyewe. Diébédo Francis Kéré, mzaliwa wa Gando, kijiji cha Burkina Faso chenye jua kali na mvua chache, alipokuwa akisoma ujenzi Berlin, alirudi kuwajengea watu wake shule iliyokamilika mwaka 2001. Kuta zilikuwa za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, na wanakijiji walishiriki kazi. Bati hakulitupa. Aliliinua juu ya dari ya matofali yenye matundu, likashikwa na vyuma vyembamba, na kati ya dari na paa akaacha nafasi ambamo upepo hupita na kuchukua joto. Mwaka 2017 aliitwa London kujenga banda la kiangazi katika bustani ya Kensington. Alilijenga mfano wa mti wa kijiji chao wa kukutania, paa la mbao likikusanya mvua na kuimwaga katikati. Mwaka 2022 alipata tuzo ya Pritzker, Mwafrika wa kwanza kuipata.

Hivyo mji uliotoa bati bila ya kulifikiria jua ulipata, baada ya miaka 188, kivuli kilichofikiriwa chini ya jua. Nyalikungu haihitaji kulivua bati wala kurudi kwenye msonge usio na nyasi. Inahitaji fundi ambaye, kabla ya kupigilia msumari wa kwanza, ataweka dari, ataacha njia ya upepo chini ya paa, na ataurefusha ukingo ili ukuta upate kivuli, kama babu yake alivyofanya kwa nyasi.