Sababu ya Safari: Kusikiliza Muziki

Historia ya Ziwa Tanganyika tumeiandika kwa kufuata mizigo. Tunazijua pembe za ndovu zilizopita Ujiji katika karne ya 19, na watu waliofungwa minyororo wakazibeba. Tunaijua reli ya kati iliyofika Kigoma mwaka 1914. Tunaijua meli ya Wajerumani iliyozamishwa mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza na kurejea kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Wakimbizi nao tunawajua, kwa kuwa wakimbizi huhesabiwa. Asiyeonekana katika nyaraka zetu ni mtu aliyevuka kwenda nchi ya pili kwa sababu moja tu: kuiona kwa macho yake bendi aliyoipenda.

Nadai kwamba mtu huyo alikuwepo, tena hakuwa mmoja. Nadai pia kwamba kupotea kwake kumetokana na namna dola inavyouliza maswali.

Tuanze na jiografia. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, ilhali upana wa ziwa kwa wastani ni takriban kilomita 50. Ng'ambo, Wabelgiji walikuwa wameifikisha reli yao Albertville, ambayo leo ni Kalemie, mwaka 1915. Mwaka 1921 Uingereza ikawapa eneo la bandari Kigoma na jingine Dar es Salaam ili bidhaa za Kongo zipate njia ya kutokea baharini. Hakuna aliyekuwa akifikiria magitaa. Lakini njia ikishafunguliwa haimchagui mpitaji. Baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya santuri ya Ngoma ilipoanzishwa Léopoldville mwaka 1948, rumba ilipata miguu ya kusafiria, na mwambao wetu ulikuwa miongoni mwa majirani wa karibu kabisa. Isitoshe, Ujiji ni mji wa Wamanyema pia, watu ambao asili yao ni magharibi ya ziwa. Kwa wengi wao, muziki wa ng'ambo ulikuwa muziki wa wajomba.

Wanamuziki waliovuka tunawafahamu. Remmy Ongala, mzaliwa wa upande wa Kindu, aliingia Dar es Salaam mwaka 1978 kujiunga na Orchestra Makassy, akaishi hapa hadi alipofariki Desemba 2010. Orchestra Maquis walitangulia, wakitokea kusini mwa Kongo mwanzoni mwa miaka ya 1970. Majina yao yamo kwenye vibali, mikataba na majalada ya santuri. Msikilizaji hana mkataba wala jalada.

Mzee mmoja wa Ujiji aliwahi kunisimulia jinsi alivyovuka hadi Kalemie katika miaka ya 1970 na magunia mawili ya dagaa, akayauza kwa bei ya hasara siku hiyohiyo, kwa sababu bendi kutoka Kinshasa ilikuwa ikipiga usiku ule na yeye hakutaka kukosa nafasi ya mbele. "Dagaa walikuwa nauli," aliniambia. "Safari ilikuwa muziki." Mtafiti wa uchumi angemweka katika jedwali la biashara ya mpakani, na pengine angeshangaa mfanyabiashara huyu alikuwa hajui hesabu.

Nami nilipata kuona jedwali hilo linavyojazwa. Nikiwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza nilisafiri kwenda Bujumbura kusikiliza bendi ya rumba. Katika kituo kimoja cha mpakani, afisa aliniuliza sababu ya safari. Nikamjibu: kusikiliza muziki. Alicheka, si kwa ubaya, akaniambia fomu haina kitu kama hicho. Akaandika "biashara". Nilikuwa na begi moja na fedha za kula siku mbili. Basi ikiwa kuna mwanahistoria atakayefungua daftari lile siku za usoni, atanikuta humo nikiwa mchuuzi.

Linganisha na Kinshasa, Septemba 1974. Tamasha lililowaleta James Brown, B.B. King na Miriam Makeba liliandaliwa pamoja na pambano la Ali na Foreman, na watalii kutoka ng'ambo walitarajiwa. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba, tamasha likaendelea bila wageni wengi waliotazamiwa. Watalii ambao hawakufika wameandikwa vitabuni. Mzee wangu wa dagaa, aliyefika, hayumo.

Kwa nini hili litushughulishe leo? Kwa sababu malalamiko ya watu wa Kigoma kuhusu kuhojiwa uraia wao yamefika bungeni zaidi ya mara moja. Mahali ambapo kuvuka kunaeleweka kwa maana mbili tu, biashara au ukimbizi, anayejua Kilingala na kuwataja wapiga solo wa Kinshasa kwa majina ya utani huonekana ana jambo analolificha. Mapenzi yake ya muziki yanageuzwa kuwa ushahidi dhidi yake. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayotumika tangu Julai 2010, inazungumzia uhuru wa watu kusafiri. Kongo imeingia katika Jumuiya mwaka 2022. Lakini Fally Ipupa alipoujaza ukumbi wa La Défense Arena mwaka 2023, wapenzi wake waliokuwa Ulaya walipanda treni kwenda Paris bila kuhojiwa wanapenda nini. Kijana wa Ujiji, jirani wa Kongo, angehitaji viza, taarifa za benki na barua ya mwajiri.

Na sasa mkondo unakwenda pande zote mbili. Diamond Platnumz, ambaye asili ya familia yake ni Kigoma, ameimba na Fally Ipupa na Koffi Olomidé, na Kongo anao wapenzi wengi. Wako watakaotaka kuvuka kuja huku kumwona jukwaani.

Kwa upande wangu, nimeanza kukusanya simulizi za wasikilizaji waliosafiri: Kalemie, Uvira, Bujumbura, popote. Natafuta tiketi, picha zilizopigwa ukumbini, hata paspoti za zamani zenye muhuri na neno "biashara". Wazee hawa wanaondoka. Mwenye mjomba au shangazi wa namna hiyo, tafadhali amuulize mwaka huu, na amuulize kwanza jina la bendi. Hapo hawatanii, na hawasahau.