Spidi Haijawahi Kuwa Shida ya Betri

Wasee, wacha nianze na hii: gari la kwanza duniani kupita kilomita 100 kwa saa barabarani lilikuwa la betri. Si petroli, si dizeli. Ilikuwa tarehe 29 Aprili 1899, karibu na Paris. Mbelgiji anaitwa Camille Jenatzy aliketi juu ya gari lenye umbo la risasi, La Jamais Contente, akagonga karibu kilomita 106 kwa saa.

Kwa hivyo mtu akikuuliza kama haibridi ya kuchaji kwa plagi inaweza kutembea na betri peke yake kwa spidi ya Lodwar–Kakuma, mwambie hilo lilijibiwa miaka zaidi ya 120 iliyopita. Swali lenyewe ni: itatembea hivyo kwa kilomita ngapi, na hiyo chaji imetoka wapi?

Rudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Ferdinand Porsche alikuwa ameshaunda gari lenye mota ndani ya magurudumu, na injini za petroli za kuzalisha stima ya betri. Hiyo ni haibridi, na Porsche hata hakuwa maarufu bado. Lakini petroli ikawa rahisi, betri zikabaki nzito, dunia ikaenda na petroli.

Haibridi ikarudi kwa kishindo mwaka 1997, Toyota Prius ilipoanza kuuzwa Japani. Shida ya Prius za mwanzo ilikuwa hivi: injini na mota mbili ziliunganishwa kwa gia moja. Injini ikizimwa halafu gari likimbie sana, mota ndogo ilizunguka kupita kiasi. Kwa hivyo ukikaribia 70 kwa saa, injini ilikuwa lazima izunguke, upende usipende. Prius ya plagi ya 2012 ilifika 100 kwa saa bila injini, lakini betri yake ya kilowati-saa 4.4 ilikupeleka kama kilomita 20 tu. Iliyofuata, ya 2016, ikawekewa klachi iliyoruhusu mota zote mbili kuvuta pamoja, ikafika 135. Mitsubishi nayo ilikuwa imeleta Outlander ya plagi Japani mwaka 2013: betri ya kilowati-saa 12, na spidi hadi 120 kwa stima peke yake.

Sasa tuilete Outlander hiyo A1. Lodwar hadi Kakuma ni kama kilomita 120, na lami mpya ipo. Ukienda 100 kwa saa badala ya 50, upepo unakusukuma nyuma kwa nguvu mara nne, si mara mbili. Ongeza upepo wetu wa Turkana, na AC ambayo hapa hakuna anayezima. Tuseme kilowati-saa 1 inakupa kilomita 4. Gari pia haliruhusu betri iishe kabisa, kwa hivyo una kama 9 za kutumia. Hapo ni kilomita 36 hivi, na hiyo ni betri ikiwa mpya. Ya gari lililotumika Japani miaka saba itakuwa imechoka.

Kitu kingine: haibridi hurudisha chaji ukipiga breki. Mjini Lodwar, kati ya boda na mbuzi, utapiga breki mpaka uchoke. Ukishatoka mjini, barabara ni tambarare na ndefu, hakuna cha kurudisha. Na spidi hiyo ya kutulia ndiyo injini ya petroli inaipenda zaidi. Hata Chevrolet Volt, iliyotoka 2010, iliundwa hivyo: chaji ikiisha na uko spidi ya haiwei, injini inasaidia kuzungusha magurudumu moja kwa moja, kwa sababu kugeuza petroli kuwa stima kwanza kunapoteza nguvu.

Lakini hadithi ya kwetu haiishii kwa gari. Mwaka 1959 mkoloni alimleta Jomo Kenyatta Lodwar kutoka Lokitaung, kwa sababu huku kulikuwa mbali na kila kitu. Uhuru ulikuja, umbali ukabaki. Bwawa la Turkwel, mpakani mwa Turkana na Pokot Magharibi, lilikamilika 1991 likiwa na uwezo wa megawati 106. Nyaya zake zikaelekea Lessos, kusini. Lodwar ikaachiwa jenereta za dizeli kwa miaka mingi, na sola kidogo baadaye.

Fikiria maana yake. Nairobi ukichomeka gari, stima nyingi inatoka Olkaria, mabwawa na upepo. Lodwar ya jenereta ukichomeka, umechoma dizeli tu, ila moshi umetokea mahali pengine. Gari ni lile lile, plagi ni ile ile.

Msimamo wangu ni huu. Kama una sola nyumbani na safari zako nyingi ni za mjini, haibridi ya plagi ni akili. Tumia betri mjini, ukifika A1 bonyeza kitufe cha kutunza chaji uache injini ifanye kazi, halafu Kakuma uzunguke kimya kimya. Usinunue ukidhani utafuta bili ya petroli ya Lodwar–Kakuma. Hautafuta.

Na wanaokuja kutuomba kura wakisifu lami, tuwaulize kuhusu sehemu za kuchaji kando yake. Jua letu halihitaji kuletwa kutoka Lessos. Tunahitaji sola na betri kubwa Lodwar, Kakuma, na mahali pamoja katikati. Hapo ndipo kilomita 120 zitakuwa safari ya kawaida kwa gari la stima.