Nyumba Njema si Mlango

Wahenga walisema: Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Methali hii aghalabu hutumiwa kwa watu, ili kutuonya tusidanganyike kwa uzuri wa sura. Lakini leo, msomaji, nakuomba uichukue kwa maana yake ya wazi kabisa. Twende pamoja mpaka pwani ya Kenya, tubishe hodi katika nyumba ya mawe ya watu wa kale, tufungue mlango na kutazama ndani. Maana nyumba ya mtu hueleza mengi ambayo mwenyewe hakuyaandika: alimheshimu nani, alimficha nani, mali yake aliipata wapi, na nani aliyemfanyia kazi.

Kuna jambo lililonifanya niandike habari hizi. Miaka michache iliyopita niliwapeleka wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu kuyaona magofu ya Gede, yaliyomo msituni karibu na Watamu. Tuliupita msikiti mkuu, tukaingia katika jumba la mfalme, kisha tukatembea kutoka nyumba hata nyumba. Kijana mmoja wa bara, aliyelelewa katika nyumba ya udongo, akaniuliza, “Mwalimu, nyumba hizi alizijenga nani?” Nikamjibu upesi, kama nilivyojibiwa mimi nilipokuwa mtoto, ya kuwa zilijengwa na wageni waliotoka ng'ambo ya bahari. Akanyamaza. Lakini nilimwona akiondoa mkono wake ukutani taratibu, kama mtu aliyeshika kitu kisicho chake. Jibu langu lilinisumbua njia nzima ya kurudi, kwa sababu lilikuwa jepesi mno, na halikuwa la kweli. Hili hapa ndilo jibu nililopaswa kumpa.

Kwanza tuangalie jinsi nyumba hiyo ilivyojengwa. Hakuna kitu cha lazima katika ujenzi wake kilichohitaji kuletwa kutoka mbali. Mawe yalikuwa matumbawe ya baharini na mawe magumu yaliyochimbwa nchi kavu karibu na pwani. Tumbawe likitolewa majini lingali bichi huwa laini, hata fundi aweza kulichonga apendavyo. Likikaa hewani hukauka na kuwa gumu. Kwa hiyo lilifaa sana kwa mihirabu, kwa vizingiti vya milango na kwa mapambo. Chokaa ilipatikana kwa kuyapanga matumbawe juu ya rundo la magogo na kuyachoma. Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Na hapa, msomaji, utaona jinsi mti unavyoweza kumtawala mwenye nyumba: kwa kuwa boriti fupi haiwezi kubeba dari pana ya mawe na chokaa, vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, na upana wao kwa kawaida haufiki mita tatu. Boriti hizo hizo zilipakiwa majahazini na kupelekwa Arabuni na katika nchi za Ghuba ambako miti ni haba, na huko pia zikaamua upana wa vyumba vya watu.

Sasa tuingie ndani. Tuchague nyumba ya Lamu, kwa kuwa huko ziko nyumba za karne ya 18 ambazo zingali zimesimama na watu wangali wanakaa ndani yake. Mlangoni utalikuta daka, ukumbi mdogo wenye baraza za mawe pande mbili. Hapo ndipo mwenye nyumba alipokaa na wageni wake, akazungumza na kufanya biashara. Ukipita daka, njia hukata kona kabla ya kufika uwanjani, ili macho ya mpita njia yasipenye ndani. Baada ya uwanja huja misana miwili, vyumba virefu vilivyofuatana, ambavyo watu wa Lamu huviita msana wa tini na msana wa yuu. Nyuma yake ni ndani, chumba cha bibi wa nyumba, na ukuta wake mara nyingi umejaa zidaka, yaani vishubaka vya chokaa vilivyonakshiwa, ambavyo viliwekwa vyombo vya kaure na vitu vya thamani. Kadiri uendavyo ndani ndivyo mwanga upunguavyo, na mapambo yazidivyo. Mahali penye heshima kuu hapakuwa mlangoni, bali mwisho kabisa. Methali yetu, kumbe, ni kweli hata kwa mafundi.

Mambo mengine huonyesha akili nyingi. Katika birika za maji waliwaweka samaki wadogo, wapate kula viluwiluwi vya mbu. Na katika baadhi ya mitaa nyumba mbili ziliunganishwa kwa wikio, chumba kinachopita juu ya njia kama daraja, ili wanawake waweze kutembeleana bila kushuka barabarani.

Tumeiona nyumba, turudi sasa kwa swali la yule kijana. Gede ilichimbuliwa na James Kirkman kuanzia mwaka 1948. Alifanya kazi kubwa na ya uangalifu. Nyumba alizozifukua zilipewa majina kwa vitu vilivyopatikana ndani yake, kama vile mkasi, sanduku la pembe na bakuli la kaure. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa, ambayo ni sawa na mwaka 1399 wa Kizungu. Lakini kitabu alichokitoa mwaka 1954 kiliita Gede mji wa Waarabu katika jina lake lenyewe. Huo ndio uliokuwa mtazamo wa wataalamu wengi wa siku zile: kwamba penye jiwe na chokaa pwani hii, mjenzi hana budi kuwa mgeni. Mtazamo huo ukaingia katika vitabu vya shule, na kutoka vitabuni ukaingia katika vinywa vya walimu, nami nikiwamo.

Ardhi yenyewe ndiyo iliyoleta ushahidi mwingine. Katika miaka ya 1980 Mark Horton alichimba huko Shanga, katika kisiwa cha Pate. Mji huo ulianza katika karne ya 8, na kwa muda mrefu watu wake walikaa katika nyumba za miti na udongo. Chini ya msikiti wa Ijumaa alikuta misikiti mingine ya zamani zaidi, mmoja juu ya mwingine, na ya kwanza kabisa ilikuwa midogo, ya miti. Jiwe lilikuja baadaye, hatua kwa hatua, kwanza katika majengo ya ibada na ya wakubwa, na nyumba za kawaida za mawe hazikuenea mpaka karne ya 14. Mji haukushuka toka merikebuni ukiwa mzima; ulikua mahali pake, kama mti. Hata Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, alisema kuwa misikiti ya Mombasa ilikuwa ya mbao, tena imejengwa kwa ustadi. Basi nyumba ya mawe ni mtoto wa nyumba ya udongo.

Je, wageni hawakuwako? Walikuwako. Mwaka 2023 wataalamu walitoa matokeo ya uchunguzi wa mifupa ya watu wa kale wa miji ya pwani. Wengi wao walikuwa na nasaba mbili: kwa upande wa mama, Afrika; kwa upande wa baba, mara nyingi Uajemi, na baadaye Uarabuni, na mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Basi asemaye kuwa pwani ilijengwa na wageni peke yao amekosa, na asemaye kuwa hakuna mgeni aliyekaa hapa na kuoa, naye amekosa. Watu wa pwani walikuwa Waafrika waliopokea dini, ndoa na bidhaa kutoka baharini, wakavifanya kuwa vyao.

Ningeweza kukomea hapa, nawe ungefurahi, nami ningefurahi. Lakini swali “Alizijenga nani?” lina upande wa pili. Nani aliyetumbukia majini kuyang'oa matumbawe? Nani aliyekata boriti, miguu yake ikizama katika tope la mikoko? Nani aliyekanda chokaa? Katika Lamu ya karne ya 18 na ya 19, sehemu kubwa ya kazi hizo nzito ilifanywa na watumwa, wengi wao wakiwa watu waliotekwa bara. Katika nyumba nyingi za ghorofa waungwana walikaa juu, na chini wakakaa watumwa pamoja na shehena. Nyumba ile ile iliyomsitiri bibi kwa heshima ilimweka mtumwa mahali pake kwa ukuta. Utumwa haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Tena, tusisahau kwamba hata Gede watu wengi hawakukaa katika nyumba za mawe. Walikaa katika nyumba za udongo, kati ya ukuta wa ndani na ukuta wa nje wa mji. Nyumba zao zimeyeyuka kwa mvua, na leo mgeni apitaye huona msitu tu, akadhani hapakuwa na mtu.

Hili ndilo fundisho ninalotaka ulichukue, msomaji. Jiwe hudumu, udongo hurudi ardhini. Lakini historia si habari za waliokaa katika mawe peke yao. Mji mkongwe wa Lamu ulitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na Gede mwaka 2024. Ni heshima kubwa. Lakini hakuna orodha itakayoihifadhi nyumba ya nyanya yako, wala thingira ya babu yako, wala banda ulilozaliwa. Mwulize, angali hai: nani aliyekaa upande gani? Moto uliwashwa wapi? Mgeni alilala wapi? Nani aliyekata miti, na nani aliyeteka maji ya kukandia udongo? Andika majibu yake.

Na siku utakapofika Gede au Lamu, uweke mkono wako ukutani bila wasiwasi. Usiuondoe. Huenda aliyeamuru ukuta ule ujengwe hakuwa wa ukoo wako. Lakini aliyelibeba jiwe lile begani, huenda alikuwa.