Bwana Wake Abraha

Mtoto yeyote wa pwani aliyepita chuo cha Kurani anamjua Abraha, yule wa kisa cha tembo. Bwana wake, Kaleb mwana wa Tazena, hatajwi sana. Alikuwa Najashi wa Aksum, kwenye nyanda za juu za Ethiopia, mfalme Mkristo ambaye sura yake ilichapwa kwenye sarafu za dhahabu.

Ng'ambo ya Bahari ya Shamu, katika nchi ya Himyar ambayo leo ni Yemen, alitawala Yusuf, maarufu kama Dhu Nuwas, aliyeshika dini ya Kiyahudi. Huyo aliwaua Waaksum waliokuwa katika mji wa Zafar, kisha mwaka 523 akawaua Wakristo wa Najran. Wafasiri wengi wa Kurani wanakihusisha kisa hicho na watu wa mahandaki wanaotajwa humo. Kaleb akaamua kuvuka.

Cosmas, mfanyabiashara wa Aleksandria, alikuwa Adulis, bandari ya Aksum, vita vikiandaliwa. Anasimulia kwamba Kaleb alimwagiza liwali wa mji amletee nakala ya maandishi ya Kigiriki yaliyochongwa kwenye kiti cha enzi cha kale, na kazi ya kunakili ikamwangukia Cosmas. Yalihusu ushindi wa wafalme wa zamani, mmojawapo akijisifu kwamba jeshi lake liliwahi kuvuka bahari hiyohiyo. Nadhani Kaleb alitaka kujua anafuata nyayo za nani.

Walivuka mnamo 525 kwa meli zipatazo 70, nyingi za wafanyabiashara. Dhu Nuwas akauawa. Kaleb akamtawaza Mhimyari Mkristo, Sumyafa Ashwa, akarudi kwao.

Sio askari wote waliorudi naye. Yemen iliwapendeza, ardhi yake ina rutuba, wakalowea. Baada ya miaka michache wakamfunga Sumyafa na kumweka Abraha, ambaye mwanahistoria Procopius anasema alikuwa mtumwa wa mfanyabiashara wa Kirumi huko Adulis. Kaleb akatuma watu 3,000 chini ya ndugu yake mmoja. Wakamuua kamanda wao, wakajiunga na Abraha. Jeshi la pili likapigwa, na la tatu halikutumwa.

Kabla ya uasi huo, mjumbe wa Kaisari wa Kirumi, Justinian, alimkuta Kaleb kwenye gari lililovutwa na tembo wanne, amevaa dhahabu. Kaisari alitaka Waaksum wanunue hariri ya India ili Waajemi wasiendelee kuneemeka nayo. Kaleb alikubali, lakini haikuwezekana: Waajemi waliwahi kwenye bandari zilikotia nanga meli za Wahindi, wakanunua shehena nzima.

Kanisa la Ethiopia linasimulia kwamba mwishowe alipeleka taji lake Yerusalemu na kuwa mtawa katika monasteri ya Abba Pantalewon, jirani na Aksum. Alipofariki, Abraha alikubali kumlipa kodi mrithi wake.