Namba za Ulaya, Mashine za Umoja: Historia Fupi ya Kupima Grafiksi

Safari hii naweka PHP na hifadhidata kando, niongee kuhusu ubishi ambao vijana wa Eastlands, kuanzia Buruburu hadi Kayole, wamekuwa nao kwa zaidi ya miaka 20: kompyuta ya nani inacheza gemu vizuri? Ubishi huu una historia, na historia yenyewe ina funzo la pesa. Mzazi akishatoa akiba yake kununua mashine, si rahisi duka limrudishie kwa sababu gemu inakwama.

Tuanze na msingi. Picha inayosonga kwenye skrini ni picha nyingi zilizosimama, zinazochorwa moja baada ya nyingine. Kila moja ni fremu. Zikichorwa 60 kwa sekunde, jicho linaona mwendo laini. Zikishuka hadi 15, gari lako linaruka-ruka kama matatu kwenye mashimo.

Wachezaji wengi walijifunza kuzihesabu kupitia Quake, gemu ya id Software ya Marekani iliyotoka mwaka 1996. Ndani yake kuna amri iitwayo timedemo: gemu inachezesha rekodi moja kwa kasi yote inayoweza, halafu inakuambia wastani wa fremu. Mwaka 1998 kampuni ya Futuremark ya Ufini ikatoa 3DMark99, programu ya kupima tu. Ikimaliza inakupa alama moja, kama mtihani wa shule.

Na mtihani wowote ukishakuwa na zawadi, kuna atakayetafuta njia ya mkato. Oktoba 2001 tovuti ya HardOCP ilibadilisha jina la programu ya Quake III kutoka quake3 kuwa quack3, na kadi ya ATI Radeon 8500 ikapunguza kasi papo hapo. Draiva yake ilikuwa ikilitambua jina la gemu, kisha inapunguza ubora wa picha ili ipate fremu zaidi.

Mei 2003 ikawa zamu ya Nvidia. Futuremark waliirekebisha 3DMark03, na alama za GeForce FX 5900 Ultra zikaanguka kutoka 5,806 hadi 4,679. Siri ilikuwa hii: kamera ya jaribio hupita njia ileile kila mara, kwa hiyo draiva iliacha kuchora sehemu ambazo kamera isingeziona. Mchezaji wa kweli hugeuka anakotaka, hivyo kasi hiyo hawezi kuipata nyumbani. Mwezi uliofuata kampuni hizo mbili zilitoa tamko la pamoja kwamba ule haukuwa udanganyifu. Msomaji, amua mwenyewe.

Sasa turudi mtaani. Miaka hiyo kompyuta nyingi za nyumbani kwetu zilikuwa ex-UK, yaani mashine za ofisi zilizostaafu Uingereza, zikashuka Mombasa na kuishia kwenye maduka ya mjini. Chukua mfano wa Dell OptiPlex GX620 ya mwaka 2005. Nyingi hazikuwa na kadi ya grafiksi. Zilitegemea GMA 950 iliyo ndani ya chipseti ya Intel 945G. Grafiksi hii haina memori yake, inaazima RAM ya mashine. Hata hesabu za pembe za maumbo ya 3D inamwachia prosesa. Kuongeza kadi nako kulikuwa na kikwazo, maana makasha membamba hupokea kadi fupi tu na pawa saplai zake ni ndogo.

Kwa mwenye mashine hiyo, makala ya kigeni inayolinganisha kadi mbili, kila moja ghali kuliko kompyuta yake nzima, haikumsaidia kitu. Ilimlazimu apime mwenyewe. Chombo chetu kilikuwa Fraps, programu ya Australia ya mwaka 1999, inayoandika idadi ya fremu kwenye kona ya skrini huku unacheza. Nilipima nayo mashine nyingi, na kuna mambo manne yaliyonikaa kichwani.

La kwanza, RAM. Chipseti ya 945G ina njia mbili za memori. Kijiti kimoja cha DDR2-533 hupitisha takriban GB 4.2 kwa sekunde, viwili hufikia 8.5. Kwa grafiksi inayoishi kwa kuazima, vijiti viwili vya MB 512 hushinda kimoja cha GB 1, ingawa jumla ni sawa. Hiyo ni kasi ya bei nafuu, na haikuandikwa kwenye kasha.

La pili, kidhibiti mwendo. Mnakumbuka Sheria za Michuki za mwaka 2004, matatu zilipofungwa vidhibiti vya kilomita 80 kwa saa? GTA San Andreas ya kompyuta, iliyotoka 2005, ina kidhibiti chake cha fremu 25. Kikiwa kimewashwa, mashine nzuri na mashine bora zote zinaonyesha 25, na watu wanabishana bure. Kizime unapopima, kisha ukiwashe unapocheza, kwa sababu bila hicho magari na kuogelea huharibika.

La tatu, wastani unaficha. Basi namba 58 ya Buruburu inaweza kuwa na wastani mzuri kwa siku nzima, lakini wewe uliyekwama Jogoo Road saa kumi na mbili jioni wastani huo haukufikishi. Piga hesabu: fremu 59 zikichukua milisekunde 10 kila moja, na ya 60 ichukue 410, umepata fremu 60 ndani ya sekunde moja. Kwenye karatasi ni safi. Kwenye skrini gemu imeganda karibu nusu sekunde, na umeshapigwa risasi. Mwaka 2011 Scott Wasson wa The Tech Report alianza kupima muda wa kila fremu, na wapimaji wengi duniani wakamfuata. Yeyote aliyecheza kwenye GMA 950 alikuwa ameshalihisi jambo hilo kwenye kidole.

La nne, joto. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na kwa joto lilelile hewa yetu ni nyepesi kwa kama asilimia 18 kuliko ya pwani. Feni ileile inasukuma hewa kidogo zaidi. Ongeza vumbi la barabara zisizo na lami. Prosesa ya Pentium 4 ikizidiwa na joto hujipunguzia kazi yenyewe ili isiungue, kwa hiyo kipimo cha dakika mbili hakijui kitakachotokea baada ya nusu saa.

Kwa sisi tunaoandika programu funzo ni hilohilo. Mwaka 2007 Wesley Kirinya wa Nairobi alitoa Adventures of Nyangi, gemu ya 3D. Mwaka 2009 akaanzisha Leti Arts pamoja na Eyram Tawia wa Ghana. Ukitaka mtu wa Umoja acheze gemu yako, ipime kwenye mashine ya Umoja, ile ya ofisi iliyostaafu.

Zana za leo ni bora. PresentMon na CapFrameX huonyesha muda wa kila fremu bila malipo, na GTA V ya kompyuta ya mwaka 2015 ina jaribio lake ndani. Lakini mashine za ofisi zilizotumika bado zinauzwa mjini, na bado zinapigiwa debe kwa namba za watu wengine.

Kwa hiyo ukienda kununua, beba gemu yako kwenye diski ya nje. Icheze pale dukani dakika 30, kasha likiwa limefungwa, na utazame namba ya chini kabisa. Muuzaji akikataa, ameshakupa kipimo. Hamia duka jingine.