Saa kumi ya nani? Historia fupi ya kompyuta na tarehe

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinibana. Leo nina kisa nilichokaa nacho moyoni kwa miaka kadhaa, na nimeona nikitoe pamoja na historia yake, maana bila historia kinabaki kuwa aibu tu.

Nilipoanza uandishi nilikuwa kwenye gazeti dogo ambalo sitalitaja. Kwa kuwa nilikuwa kijana na nilijua kuchezea kompyuta, mhariri akanibebesha tovuti juu ya habari za mahakamani. Kwenye tovuti hiyo tulikuwa na ukurasa wa matangazo ya misiba. Familia inaleta tangazo, dada wa mapokezi anajaza fomu, kompyuta inapanga. Mstari unaoiambia kompyuta namna ya kuandika saa niliuandika mimi, kwa lugha ya PHP. Agizo langu lilikuwa fupi: weka neno "saa", halafu namba ya saa, halafu dakika. Basi.

Siku moja ililetwa habari ya maziko ya saa nne asubuhi. Dada akajaza 10:00, kama fomu ilivyotaka, na hakukosea. Kompyuta ikaandika "saa 10:00". Nayo haikukosea, ilifanya nilichoiagiza.

Jumatatu simu ikalia, nikaitwa niipokee.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Ndiye wewe unayeandika mambo ya kwenye mtandao?"

Nikasema ndiye mimi. Akanieleza kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Marehemu alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi. Alisoma kwenye tovuti yetu kwamba maziko ni saa kumi. Akapanda basi, akafika saa tisa na nusu, akajisifu moyoni kwamba amewahi. Akakuta kaburi limeshafunikwa, maua yameanza kunyauka, na vijana wanakunja turubai. Mwisho akaniuliza: "Kwani nyinyi huko ofisini mnatumia saa ya nani?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza, kompyuta haijui tarehe. Haijui Jumatatu wala Desemba. Ndani yake, mara nyingi, wakati ni namba moja ndefu inayoongezeka. Chimbuko la hesabu hiyo ni mfumo endeshi wa Unix, ulioanzishwa mwaka 1969 na akina Ken Thompson na Dennis Ritchie kwenye maabara za Bell huko Marekani. Kitabu cha kwanza cha maelekezo yake, cha Novemba 1971, kinasema wakati unahesabiwa kuanzia Januari 1, 1971, na kipimo si sekunde bali kipande kimoja katika 60 vya sekunde. Namba yenyewe ilikuwa na nafasi ya biti 32. Piga hesabu: inajaa kabla ya miaka miwili na nusu kuisha! Jamaa walilijua hilo. Walisogeza mwanzo wa hesabu zaidi ya mara moja, mpaka wakatulia kwenye utaratibu tulio nao leo: sekunde nzima, kuanzia saa sita usiku ya Januari 1, 1970 kwa saa za Greenwich. Kwetu huku Afrika Mashariki ilikuwa saa tisa usiku.

Namba hiyo haina taifa. Sekunde ya bilioni moja ilitimia Septemba 9, 2001 kwa saa za Greenwich, kwa wote duniani kwa mpigo mmoja. Lakini hakuna binadamu anayemwambia mwenzake "tukutane sekunde ya bilioni moja". Lazima namba igeuzwe kuwa maneno, na hapo ndipo siasa inapoingia.

Wageuzaji wa kwanza waligeuza kwa namna waliyoizoea nyumbani kwao. Unix na lugha ya C zilikuwa na amri iitwayo ctime, ambayo hutoa kitu cha aina hii: Sun Sep 16 01:03:52 1973. Siku kwa Kiingereza, mwezi kwa Kiingereza, mwezi unatangulia tarehe kama wanavyoandika Wamarekani, mwaka unafunga mkia. Herufi zote ni 26 ukihesabu na mbili za mwisho zisizoonekana. Hukuwa na la kuchagua. Kama hupendi, kata vipande mwenyewe.

Ukitaka vipande, C inakupa kapu la namba. Na kapu lenyewe lina vituko. Tarehe zinaanzia 1, lakini miezi inaanzia 0, hivyo Januari ni 0 na Desemba ni 11. Mwaka unahesabiwa kutoka 1900, kwa hiyo 1973 ni 73. Wiki inaanzia Jumapili, nayo ni 0.

Hapo kwenye wiki nilicheka peke yangu. Kiwango cha kimataifa cha kuandika tarehe, ISO 8601 cha mwaka 1988, kinasema wiki inaanza Jumatatu, kwa hiyo Jumapili ni siku ya 7. Kwa C Jumapili ni 0. Kwa Kiswahili jina lenyewe linajitaja: Jumapili ni ya pili, maana mosi ni Jumamosi. Siku moja, namba tatu! Tena na sisi tuna kituko chetu. Jumatano ni ya tano kwa kuhesabu kutoka Jumamosi, na inayofuata ni Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo maana yake ni ya tano, kwa kuhesabu kutoka Jumapili. Tuna siku mbili za tano zinazofuatana, na hatujawahi kupotea. Kumbe hesabu mbili zinaweza kukaa nyumba moja, ilimradi wenye nyumba wanafahamiana.

Shida inakuja pale mtu anapochukua kapu la mwenzake bila kuuliza. Huo mwaka unaohesabiwa kutoka 1900 ulirithiwa na Perl, na Java, na JavaScript iliyoandikwa kwa haraka na Brendan Eich mwaka 1995. Watengeneza tovuti wengi wakaona wanapewa 97, 98, 99, wakabandika "19" mbele, mambo yakaenda. Ilipofika Januari 1, 2000 namba ikawa 100. Bandika 19 mbele ya 100. Kituo cha unajimu cha jeshi la wanamaji la Marekani, ndicho kinachotunza saa rasmi za nchi ile, kiliamka na tovuti inayosema mwaka ni 19100. Saa zao za ndani zilikuwa sahihi kabisa. Kilichokosea ni ule mstari wa kuandika.

Niliposoma hilo, wadau, nilimkumbuka yule mzee. Ndicho kisa changu kile kile.

Tuendelee. Lugha ya C ilipowekewa kiwango rasmi Marekani mwaka 1989, iliingizwa amri mpya, strftime. Badala ya kukupa sentensi iliyokwisha pikwa, inakuuliza unataka nini. Unaandika alama ya asilimia na herufi: %d ni tarehe, %m mwezi, %Y mwaka wenye tarakimu nne, %H saa ya kuanzia 00 hadi 23, %M dakika, %A jina la siku, %B jina la mwezi. Unazipanga utakavyo, unaweka mistari au nukta katikati. Wazo hilo lilisambaa kama moto wa nyika: Python wanalo, Ruby wanalo, na wengine wakatunga herufi zao. PHP yangu hutumia d, m, Y, H, ila dakika ni i, kwa sababu m ilikwisha chukuliwa na mwezi.

Usidhani basi mambo yakanyooka. Kuna %Y na kuna %G. Zote ni mwaka, lakini ya pili ni mwaka wa wiki, yaani siku za mwisho wa Desemba zinaweza kuhesabiwa kuwa za mwaka ujao kama wiki yao iko huko. Ukikosea herufi, programu inafanya kazi vizuri miezi kumi na moja na ushee, halafu inakuumbua kwenye sikukuu. Desemba 29, 2014 mitambo ya Twitter ilianza kutangaza kuwa ni Desemba 29, 2015, na watumiaji wengi wa simu za Android wakatolewa nje. Waliochunguza waliinyooshea kidole herufi hiyo.

Jambo zuri la strftime ni kwamba ilikubali dunia ina lugha nyingi. %A na %B zinaweza kutoa jina la siku na mwezi kwa lugha ya mahali, kama mfumo wako unayo majina hayo. Kiswahili kipo. Hifadhi ya CLDR inayosimamiwa na Unicode Consortium ina Januari hadi Desemba, ina Jumapili hadi Jumamosi, ina hata alfajiri, asubuhi, mchana, jioni na usiku. Saa za mahali nazo zina hifadhi yake, na humo Nairobi ina historia ambayo sikufundishwa shuleni: kuanzia 1937 hadi 1942 saa zake zilikuwa mbele ya Greenwich kwa saa 2 na dakika 45. Robo saa ile isiyo ya kawaida ya enzi za mkoloni imetunzwa mpaka leo ndani ya kompyuta duniani kote.

Na wenye nguvu ya kudai walidai wakapewa. Wajapani huhesabu miaka kwa enzi ya mfalme, hivyo kukawa na %E, inayowekwa mbele ya herufi ya mwaka ili utoke kwa hesabu ya enzi. Enzi ya Reiwa ilipoanza Mei 1, 2019, Unicode walitoa toleo zima jipya lenye alama moja tu iliyoongezwa, ya jina la enzi hiyo. Alama moja!

Sasa tafuta herufi ya saa ya Kiswahili. Ipo %H, saa ishirini na nne. Ipo %I, saa kumi na mbili za kizungu. Ya kuhesabu kutoka machweo na macheo, kama tunavyohesabu sisi na jirani zetu wa Ethiopia, haipo. Ndiyo maana simu yako inaweza kuandika "Jumanne" kwa Kiswahili safi, halafu pembeni ikaweka 7:00 na wewe ukasoma moyoni "saa moja". Tunatafsiri kimyakimya mara kumi kwa siku. Tumezoea hata hatuoni.

Simlaumu mtu wa kamati ya 1989. Aliandika alichokijua. Kosa langu ni la namna nyingine, maana mimi nilijua. Niliweka neno letu, "saa", mbele ya namba ambayo si yetu. Ningeandika 10:00 peke yake, mzee angetafsiri kama anavyotafsiri kwenye simu yake. Neno "saa" ndilo lililomwambia kwamba tafsiri imeshafanyika, atulie. Na kwa nini hatukugundua mapema? Kwa sababu matangazo yetu mengi yalikuwa ya mchana, na kompyuta iliandika "saa 16:00". Hiyo kila mtu anaiona ina kasoro, anacheka, anarekebisha kichwani. "Saa 10:00" haina kasoro ya kuonekana. Inafanana na ukweli.

Dawa yake ni ndogo hata naona haya kuitaja. Chukua saa ya 24, ongeza 5, gawanya kwa 12, shika baki, ongeza 1. Jaribu na 10: inakuwa 15, baki 3, ongeza 1, saa nne. Jaribu na 16: inakuwa 21, baki 9, ongeza 1, saa kumi. Kisha weka asubuhi, mchana, jioni au usiku kufuatana na saa ya awali. Mistari sita, labda saba. Niliiandika Jumatatu ile ile kabla ya chakula cha mchana.

Usiku ulinipa kazi zaidi. Sisi waandishi tunasema "usiku wa kuamkia Jumamosi", na usiku huo kwa kompyuta umekatwa vipande viwili, Ijumaa na Jumamosi. Lakini tangazo la mkesha likiandikwa "Jumamosi saa 7 usiku", nusu ya watu watakuja siku ya pili yake. Hapo sikuona hesabu ya kunisaidia. Niliamua tangazo lolote la baada ya saa sita usiku lisitoke mpaka mtu amelisoma.

Kuna jambo moja limebaki. Kompyuta nyingi za zamani bado zinahesabu zile sekunde kwa biti 32, na namba itajaa Januari 19, 2038. Ukisoma habari hizo utaambiwa ni saa 03:14 na sekunde 7. Hiyo ni ya Greenwich. Kwetu itakuwa saa 12 na dakika 14 asubuhi, jua likikaribia kuchomoza. Mashine zitakazokuwa hazijarekebishwa zitarudi nyuma hadi Desemba 1901.

Yule mzee nilimpigia tena wiki ile ile, nikamwambia tumerekebisha, na kwamba kosa lilikuwa langu, si la kompyuta. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Basi mwanangu, wengine hawatachelewa." Tukaagana.

Leo niishie hapa. Wewe unayetengeneza tovuti, kabla hujalala, fungua ule mstari wako wa tarehe uusome kwa sauti kama vile unamsomea mzazi wako.